Nyonga ikiuma kabla ya safari: Mkimbiaji asikilize mwili au tiketi?

MKIMBIAJI wa Mwankoko anayejiandaa kwenda Moshi kushiriki mbio za Kilimanjaro Marathon huwa na hesabu nyingi kichwani kabla siku ya kuondoka haijafika. Kuna nauli ya basi, ada ya ushiriki, mahali pa kulala na ahadi aliyowapa ndugu na majirani kwamba safari hii hatarudi mikono mitupu. Nyonga ikianza kuuma wiki tatu kabla ya safari, hesabu zote hizo humsukuma upande mmoja tu: aende.

Hapo ndipo kosa huanzia. Maumivu ya nyonga ni miongoni mwa maumivu yanayowadanganya wakimbiaji zaidi, kwa sababu msuli uliochoka na mfupa ulioanza kupasuka vinaweza kuuma mahali pamoja na kwa namna inayofanana. La kwanza huweza kutulia kwa mapumziko ya siku chache. La pili, likikimbiwa, linaweza kumfikisha mhusika katika chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo swali la kwanza si namna ya kuyatuliza maumivu ili safari isivunjike. Swali ni hili: kinachouma ni nini?

Jembe nalo ni mazoezi

Mwankoko ni kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Singida, katika nyanda za kati za Tanzania. Kutoka Singida hadi Moshi kwa barabara, kupitia Katesh, Babati na Arusha, ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi.

Majira hayo yana maana kubwa kwa mkimbiaji wa Singida. Mkoa huo una msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Maana yake ni kwamba wiki ambazo mkimbiaji anatakiwa kuongeza kilomita ndizo wiki za kulima na kupalilia.

Kuinama na jembe kwa saa kadhaa hutumia misuli ile ile ya makalio, mapaja na kiuno inayomsukuma mtu anapokimbia. Mkimbiaji aliyepalilia asubuhi kisha akakimbia kilomita 15 jioni hajafanya zoezi moja siku hiyo, amefanya mawili. Daftari lake la mazoezi huonyesha kilomita 15 pekee, lakini nyonga imebeba kazi yote.

Barabara nayo ina mchango wake. Kingo za barabara nyingi huinama kidogo ili maji ya mvua yatiririke. Anayekimbia upande mmoja kila siku huufanya mguu mmoja ukanyage chini zaidi ya mwingine, na nyonga hulazimika kusawazisha tofauti hiyo kwa maelfu ya hatua. Viatu vilivyolika upande mmoja, hasa vilivyonunuliwa vikiwa vimekwisha kutumika, huzidisha tatizo.

Kiungo kinachobeba mwili mzima

Nyonga ni kiungo kikubwa kilichoundwa mithili ya mpira ndani ya kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja, chenye umbo la mviringo, kimeingia katika tundu la fupanyonga. Kati yao kuna gegedu, tabaka laini linalozuia mifupa isisuguane. Chini ya kichwa hicho kuna sehemu nyembamba iitwayo shingo ya mfupa wa paja, ambayo hupokea uzito wa kiwiliwili na kuupeleka mguuni.

Vipimo vilivyofanywa kwa watu waliowekewa nyonga bandia zenye vifaa vya kupimia nguvu vimeonyesha kwamba mtu anapotembea kwa kawaida, mzigo unaopita katika kiungo hicho huzidi mara mbili ya uzito wa mwili. Anapokimbia, mzigo huo huongezeka sana. Marathoni moja ina hatua zipatazo 40,000, nusu yake zikiangukia kila mguu.

Mfupa hauogopi mzigo. Kwa kweli mzigo ndio huuimarisha, mradi upewe muda wa kujijenga upya baada ya kila kazi. Tatizo hutokea mzigo unapoongezwa kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kukarabati. Hapo nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho hujikusanya, hadi siku moja zinakuwa ufa mmoja unaouma.

Mahali panapouma panasema nini

Wataalamu wa tiba ya michezo huanza kwa kumtaka mgonjwa aonyeshe kwa kidole mahali panapouma. Jibu hilo halitoshi kutambua ugonjwa, lakini hutoa mwelekeo.

Maumivu ya ubavuni mwa nyonga, pale mfupa unapojitokeza na ambapo mtu hushindwa kulalia usiku, mara nyingi hutokana na kano za misuli ya makalio, yaani nyuzi ngumu zinazoishikilia misuli hiyo mfupani, au vifuko vidogo vya majimaji vilivyo jirani nazo. Haya husumbua na huweza kudumu miezi, lakini kwa kawaida hayavunji mfupa.

Maumivu ya nyuma, katikati ya kalio, yanaweza kutoka kwenye misuli ya nyuma ya paja au kwenye mishipa ya fahamu inayotokea mgongoni. Mhusika huyasikia zaidi anapokaa muda mrefu au anapoongeza kasi.

Maumivu ya mbele, ndani ya kinena, ndiyo yanayotakiwa kuogopwa. Yanaweza kuwa ya msuli uliovutika, lakini pia yanaweza kuwa ya kiungo chenyewe au ya shingo ya mfupa wa paja. Wakati mwingine tatizo la nyonga huuma gotini, na mgonjwa akachuliwa goti kwa wiki kadhaa bila nafuu kwa kuwa chanzo kiko juu.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kungoja. Ya kwanza ni kuchechemea katika kutembea kwa kawaida. Ya pili ni maumivu ya kinena yanayoongezeka kadiri mtu anavyokimbia na kupungua anapopumzika, kisha yakaanza mapema zaidi kila siku. Ya tatu ni maumivu ya usiku, mtu akiwa amelala tu. Ya nne ni homa inayoambatana na nyonga kuuma, ambayo inaweza kuashiria maambukizi ndani ya kiungo. Mwenye mojawapo ya dalili hizo anatakiwa kuacha kukimbia siku hiyo hiyo na kwenda hospitali.

Wenye ugonjwa wa seli mundu wanahitaji tahadhari ya ziada. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na mojawapo ya madhara yake ni kuziba kwa mishipa midogo inayopeleka damu katika kichwa cha mfupa wa paja. Sehemu hiyo ya mfupa inaweza kufa. Kijana mwenye seli mundu anayeumwa kinena asiambiwe kwamba ni uchovu wa mazoezi kabla hajapimwa.

Ufa usioonekana

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyonga ya mkimbiaji, methali hiyo ni kweli tupu.

Ufa wa shingo ya mfupa wa paja huweza kutokea upande wa chini au upande wa juu. Ule wa chini hubanwa na uzito wa mwili, na ukiwa mdogo mara nyingi hupona kwa kutumia magongo na kupumzika. Ule wa juu huvutwa na uzito huo huo, hivyo huelekea kupanuka. Ukipita upande wa pili, mfupa huachana na mishipa inayolisha kichwa chake huweza kukatika. Hapo upasuaji wa haraka huhitajika, na hata ukifanikiwa, mkimbiaji anaweza asirejee katika kiwango chake.

Ugumu ni kwamba picha ya eksirei ya siku za mwanzo mara nyingi haiuonyeshi ufa huo. Mgonjwa huambiwa hakuna tatizo, akarudi barabarani akiwa na furaha. Kipimo kinachouona mapema ni MRI, ambacho hupatikana katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma.

Kwa mkazi wa Mwankoko, hatua ya kwanza inabaki kuwa hospitali iliyo karibu. Lakini anapaswa kumweleza daktari waziwazi kwamba yeye ni mkimbiaji, ameongeza mazoezi kwa kiasi gani na maumivu yako kinenani. Maelezo hayo ndiyo yanayoweza kumfanya daktari asiridhike na picha moja iliyotoka safi. Hadi jibu lipatikane, mgonjwa hukaa kana kwamba ufa upo: hakimbii, na akiumwa anapokanyaga hutumia magongo.

Hata walio na madaktari wa kila aina hukwama katika mtego huu. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake kwa saa 2:15:25 tangu 2003 hadi 2019, alipata maumivu ya nyonga miezi michache kabla ya Olimpiki ya Beijing ya 2008. Mwanzoni yalidhaniwa kuwa ya misuli, kisha ikabainika kuwa ni ufa katika mfupa wa paja.

Alijitahidi kupona akafika Beijing, lakini maandalizi hayakutosha. Alimaliza wa 23. Novemba mwaka huo huo, baada ya kupata muda zaidi wa kujiandaa, alishinda New York City Marathon. Mguu ulikuwa ule ule, na tofauti ilikuwa ni miezi.

Ushujaa wa Akhwari na uamuzi wa Kipchoge

Mtanzania anayeambiwa aahirishe mbio kwa sababu ya maumivu hukumbuka haraka jina la John Stephen Akhwari. Oktoba 20, 1968 katika Olimpiki ya Mexico, Akhwari alianguka na kuumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na akaeleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio na si kuzianza tu.

Ni kisa kinachostahili heshima yote kinachopewa. Lakini si maelekezo ya tiba. Akhwari aliumia akiwa ndani ya mbio, siku yenyewe, mbele ya dunia, na jeraha lake alilijua. Mkimbiaji anayeumwa kinena wiki tatu kabla ya safari yuko katika hali nyingine kabisa: anao muda wa kuchunguza, na hajui alichonacho.

Upande wa pili upo mfano wa Eliud Kipchoge wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa 2016 na wa Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Agosti 10, 2024 mjini Paris, akitafuta medali ya tatu ya dhahabu mfululizo, maumivu ya mgongo yalimzidi na akasimama baada ya kilomita 30. Hakuna aliyethubutu kumwita mwoga.

Sindano, vidonge na kuchuliwa

Safari inapokaribia, mkimbiaji huanza kutafuta njia ya mkato. Ya kwanza ni vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vinavyopatikana katika maduka mengi ya dawa. Vidonge hivyo hupunguza maumivu, lakini haviunganishi mfupa. Humnyima mhusika kengele pekee inayomwonya. Zaidi ya hayo, vikimezwa kabla ya mbio ndefu, mwili ukiwa umepungukiwa maji, vinaweza kuumiza figo na tumbo.

Njia ya pili ni sindano ya dawa za jamii ya kotisoni. Daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuitoa, lakini mkimbiaji wa mashindano anapaswa kujua kwamba tangu Januari 1, 2022, Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa Zilizokatazwa Michezoni (WADA) limepiga marufuku matumizi ya dawa hizo kwa sindano ya aina yoyote wakati wa mashindano. Dawa inaweza kubaki mwilini kwa siku nyingi. Aliyechomwa bila kuuliza anaweza kukutwa nayo katika vipimo hata kama nia yake ilikuwa kupona tu.

Njia ya tatu ni kuchuliwa. Kukanda misuli iliyokaza kwa mikono au kwa maji ya moto huleta nafuu kwa wengi na si jambo baya. Ila nyonga isiyojulikana kilichomo haipaswi kuvutwa, kukanyagwa wala kupindishwa kwa nguvu.

Kurudi barabarani kwa ngazi

Ikiwa uchunguzi umeonyesha kwamba tatizo ni la misuli au kano, mkimbiaji hahitaji kulala kitandani. Anahitaji kupunguza mzigo, kisha kuurudisha kidogo kidogo.

Ngazi ya kwanza ni kutembea. Hadi aweze kutembea nusu saa bila maumivu na bila kuchechemea, hana sababu ya kujaribu kukimbia. Ngazi ya pili ni kuchanganya, dakika moja ya mchakamchaka na dakika mbili za kutembea. Ngazi ya tatu ni kukimbia mfululizo umbali mfupi, siku moja kazi na siku moja mapumziko. Kasi na vilima huja mwisho.

Kwa kano, wataalamu wengi wa fiziotherapia hukubali maumivu madogo wakati wa mazoezi, yasiyozidi alama tatu kati ya kumi, mradi asubuhi inayofuata yawe yametulia. Yakiamka makali zaidi, kazi ya jana ilizidi. Kwa mfupa hakuna ruhusa hiyo: maumivu yoyote ni amri ya kusimama, na kurudi kwake hupimwa kwa miezi.

Mazoezi ya kuimarisha nyonga hayahitaji ukumbi wala vyuma. Kulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, na kuinua kiuno juu. Kulala ubavu na kuinua mguu wa juu polepole. Kupanda na kushuka ngazi moja kwa mguu mmoja. Yakifanywa mara tatu kwa wiki kwa utulivu, huipa misuli ya makalio nguvu ya kuisaidia nyonga.

Chakula nacho ni sehemu ya tiba. Mfupa hujengwa kwa protini na madini yaliyomo katika maziwa, dagaa, kunde, mayai na kuku, vitu ambavyo Singida haivikosi. Anayekimbia sana huku akila kidogo ili awe mwepesi huunyima mfupa malighafi. Kwa mwanamke, kukosa hedhi kwa miezi kadhaa wakati wa mazoezi makali si ishara ya uimara. Ni onyo kwamba mifupa iko hatarini, na anapaswa kumwona daktari.

Ndani ya basi

Aliyeruhusiwa kusafiri bado ana mtihani mmoja. Kukaa kwa saa nyingi hadi Moshi, magoti yakiwa yamekunjwa, hukaza misuli ya mbele ya nyonga na kuibana ile ya nyuma. Mkimbiaji mwenye nyonga dhaifu asisafiri siku ya mwisho. Akifika siku mbili kabla, mwili hupata nafasi ya kulegea.

Kiti cha kando ya njia ni bora kuliko cha dirishani, kwani mguu hupata nafasi ya kunyooka. Pochi isikae mfuko wa nyuma, wala mguu usipandishwe juu ya mwenzake. Basi linaposimama Babati au Arusha, ni vema kushuka na kutembea dakika chache badala ya kusinzia.

Njia yenyewe ya mbio ina sehemu ya kupanda kuelekea Mweka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na kinachopandwa hushukwa. Mteremko ndio hugonga nyonga zaidi, maana kila hatua huwa breki. Asiyeweza kushuka kilima cha nyumbani bila maumivu asitarajie muujiza ugenini.

Kuahirisha si kushindwa

Uamuzi wa mwisho unaweza kupimwa kwa maswali matatu. Je, kinachouma kinajulikana? Je, mhusika anatembea bila kuchechemea? Je, amekimbia walau mara kadhaa, bila dawa, na kuamka salama kesho yake? Jibu la hapana kwa swali lolote kati ya hayo linatosha kumfanya asikimbie.

Hilo halimaanishi kwamba safari imekufa. Anaweza kwenda kuwashangilia wenzake na kuisoma njia. Nauli iliyopotea ni hasara ya msimu mmoja, ilhali shingo ya mfupa wa paja iliyovunjika inaweza kuwa hasara ya maisha, hasa kwa mtu anayeishi kwa jembe na miguu yake.

Mkoa wa Singida wenyewe una ushahidi kwamba mbio ndefu huwalipa wenye subira. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huo, alimaliza wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, akawa wa saba katika Olimpiki ya Tokyo na wa 17 Paris. Septemba 15, 2025 mjini Tokyo, akiwa na umri wa miaka 33, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, muda sawa na wa Mjerumani Amanal Petros aliyemfuata, wakitenganishwa na sehemu ndogo mno ya sekunde.

Kati ya Rio na dhahabu hiyo ilipita miaka tisa. Mkimbiaji wa Mwankoko anayeona kwamba Februari moja ikimpita kila kitu kimekwisha, aihesabu miaka hiyo. Kawia ufike.